Siku Mfadhili Alipofuta Tozo

Kuna watu waliovumbua ndege, wengine wakavumbua dawa, na fundi mmoja wa kuchonga vibao akavumbua namna ya kuendesha nchi nzima bila mtu yeyote kulipa kodi. Wazo hilo lilimjia akiwa bafuni, na ni haki kulitaja bafu mapema, kwa sababu litarudi.

Jina alilopewa na wazazi lilikwisha kusahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mfadhili. Alijichongea mwenyewe jina hilo kwenye kibao cha shaba, akakipigilia juu ya mlango wa karakana yake, kisha akasubiri watu walizoee. Wakalizoea. Ufadhili wenyewe hakuna aliyewahi kuuona, maana Mfadhili alikuwa mkono wa birika wa kiwango cha kupewa nishani, ila jina ni jina.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Humo alichonga vibao vya madaktari, vya mawakili, vya milango ya ofisi na vya makaburi, na kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha falsafa. Hajawahi, alisema, kumwona mtu akilipa kodi huku anatabasamu, lakini kila siku anawaona watu wakilipa huku wanatabasamu ili majina yao yaandikwe kwa herufi kubwa. Hata marehemu hulipia jina! Sasa serikali inahangaika nini na risiti? Ichukue vibao tu. Barabara iandikwe jina la aliyeichangia, hospitali iandikwe, daraja liandikwe, uone kama wananchi hawatatoa mpaka wazuiwe na polisi.

"Kodi ni wizi wenye risiti," alikuwa akiwaambia wateja. "Mtu huru hutoa kwa hiari."

Wateja waliitikia kwa kichwa, maana aliyasema hayo akiwa ameshika patasi.

Asiyeitikia alikuwa mmoja tu, mkewe. Mama huyo alikuwa muuguzi katika hospitali ya serikali. Mshahara wake ulitoka kwenye kodi ileile, na ndio uliolipa ada za watoto wao wawili waliokuwa bweni, pamoja na marumaru ya mumewe kila biashara ilipolala. Mfadhili akianza kuhutubia mezani, mkewe alimwongezea chakula. Alikwisha kugundua kwamba mdomo uliojaa hauhutubii.

Mtaa wao wenyewe ulikuwa njia moja isiyo na pa kutokea, nyumba zimejipanga pande mbili zikishuka mteremko. Manispaa ilikuwa imeusahau siku nyingi, kwa hiyo wakazi walijitoza wenyewe. Kila mwezi Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha hesabu na aliyekaa nyumba ya juu kabisa, alipita mlango kwa mlango kukusanya tozo. Tozo ilimlipa mlinzi, ikawasha taa, ikamlipa mtu wa kusukuma taka, na ikashughulikia shimo.

Shimo ndilo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mwenye kuzijenga nyumba zile alikuwa bahili kuliko hata Mfadhili, akachimba shimo moja kubwa la majitaka kwa mtaa wote na kuliweka chini kabisa ya mteremko. Kilichovutwa chooni kwa Mwalimu kule juu kilisafiri kimyakimya chini ya barabara, kikaungana na vya wenzake njiani, mpaka shimoni. Mfuniko wa zege wa shimo hilo ulikuwa pembeni ya dirisha la sebule ya Mfadhili. Nyumba ya mwisho ndiyo iliyouzwa kwa bei nafuu kuliko zote, na yeye aliinunua haraka bila kuuliza kwa nini. Mara kwa mara lilikuja gari la kunyonya majitaka, Mwalimu akalilipa, likanyonya, likaenda zake. Na kwa kuwa shimo halikuwahi kuleta shida, watu waliishi kama vile halipo.

Basi Mwalimu akaanza kuumwa mgongo, akaitisha kikao uani kwake ili apatikane mtu wa kumpokea kazi. Mfadhili alikuja na koti. Jua linachoma, kuku wamekimbilia uvunguni mwa gari, yeye kavaa koti na tai. Watu wakajua kuna hotuba.

Hotuba ilianzia mbali sana, kwenye kuumbwa kwa jua, ambalo humulika watu wote bila kuwatoza. Ikapita kwa mama anayemnyonyesha mtoto. Je, humtoza? Mama Saluni, mwenye watoto wanne na saluni iliyojaa wateja, akasema kwa sauti ya chini kwamba angejua utaratibu huo upo angeanza zamani. Mfadhili hakusikia. Alikuwa amefika kwenye mapendekezo: tozo ife leo, kila mtu atoe anachotaka, kwa anachokipenda, na mtoaji atundikiwe kibao. Mtaa huu ukifaulu, mkoa utaiga. Mkoa ukiiga, taifa litaiga. Akaongeza kwamba hatashangaa akiitwa mahali fulani kutoa ushauri.

Mwalimu aliuliza swali moja. "Na asiyetoa?"

"Ataona haya."

"Na asipoona haya?"

"Mwalimu, wewe huwaamini binadamu."

"Nimewasahihishia mitihani," akasema Mwalimu, akashika mgongo wake.

Kura ikapigwa. Haijawahi kutokea hoja kupita haraka namna ile. Hata waliokuwa wamesinzia waliamka wamekwisha nyoosha mikono. Mfadhili akarudi nyumbani kichwa kimevimba, akachagua jiwe la marumaru nyeupe, zuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akachonga: HAPA NDIPO KODI ILIPOFIA. Chini akaacha nafasi ya kuandika jina la waziri atakayekuja kulizindua.

Wiki za kwanza, lazima tuseme kweli, mtaa ulipendeza. Wa kwanza kutoa alikuwa Mwuza Spea, jirani wa Mfadhili kwa upande wa juu, mwenye duka la vipuri vya magari na kitambi cha kuthibitisha kwamba vinanunuliwa. Alisimamisha taa mbele ya geti lake, na kibao: TAA HII NI ZAWADI YA MWUZA SPEA KWA MTAA WAKE. Mama Saluni, ambaye geti lake linatazamana na lile, alikosa usingizi. Kufika Jumamosi akawa amesimamisha taa ndefu zaidi, yenye balbu mbili, na kibao chenye maua pembeni. Mwuza Spea akajibu kwa taa nyingine. Mama Saluni akajibu kwa benchi chini ya taa. Wengine nao wakaona wanaachwa nyuma. Haikupita muda mtaa ukawa unawaka kama ukumbi wa harusi, majogoo wakachanganyikiwa wakawa wanawika wakati wa taarifa ya habari, na wadudu wa mitaa yote ya jirani wakahamia kwao na familia zao.

Mlinzi ndiye aliyependwa kuliko wote. Alipewa kofia, akapewa kofia ya pili, buti, koti la mvua, mkanda na filimbi, kila kimoja kikiwa kimeshonwa au kuchorwa jina la mtoaji. Alichokosa ni mshahara. Watu walijiuliza kibao kitabandikwa wapi kwenye mshahara, na kwa kuwa hawakuona pa kukibandika, hakuna aliyeutoa. Mwisho wa mwezi mlinzi akavaa kila kitu kwa pamoja, kofia juu ya kofia, akaaga kwa heshima, akaenda kulinda mtaa wa pili ambako tozo ilikuwa bado hai. Ukipita kule ulikuwa unasoma mgongoni kwake majina ya watu wa huku.

Taka nazo zilipata mkokoteni mpya, wa rangi ya bluu, wenye majina ya watoaji ubavuni. Ulizinduliwa kwa kukata utepe. Hakutokea mtu wa kumlipa msukumaji, basi mkokoteni ukabaki palepale ulipozinduliwa, watu wakawa wanaujaza, na ulipojaa wakawa wanaweka pembeni yake kwa adabu.

Mfadhili aliyaita hayo changamoto za mpito. Mkewe alimwuliza mara moja tu, akipiga pasi sare yake ya kazi, kwamba yeye mwenyewe ametoa nini. Mfadhili akaeleza kuwa ametoa wazo, na wazo halipimiki kwa mizani. Isitoshe amewachongea watoaji vibao kwa bei ya punguzo. Mkewe akageuza sare, akapiga pasi upande wa pili.

Hapo ndipo ikaja habari ya goti.

Mama mkwe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na daktari alitaka akae karibu na hospitali mpaka apone kabisa. Karibu na hospitali maana yake kwa bintiye. Mfadhili aliposikia, patasi ilimteleza akaharibu jina la wakili aliyekuwa anamchongea.

Ifahamike kwamba mama mkwe huyo alikuwa mstaafu wa ofisi ya kodi. Ujana wake wote na utu uzima wake aliumaliza akikusanya kodi sokoni, gereji na kwenye mahoteli, na inasemekana wafanyabiashara wakiona mkoba wake mweusi tu walikuwa wanakumbuka wenyewe walichosahau. Siku Mfadhili alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, wakati wenzake wanauliza habari za ukoo na afya, mama aliuliza jambo moja: hiyo karakana imesajiliwa? Mfadhili akajibu kwamba bado analifikiria.

"Ukimaliza kufikiri, uje," mama akasema.

Ndoa ilifungwa kwa sababu binti aliamua, na binti akiamua ameamua. Lakini tangu hapo mama hakuwahi kukanyaga kwao. Alituma salamu, alituma zawadi za wajukuu, yeye mwenyewe akabaki kwake. Sasa goti lilikuwa limefanya kazi iliyowashinda wapatanishi.

Usiku huohuo mkewe alimkalisha chini. Hakupandisha sauti. "Baba watoto, nimemsubiri mama kwenye nyumba hii miaka mingi. Nataka akae, apone. Akiondoka hapa kabla goti halijapona, nami naondoka naye."

Mfadhili akacheka kidogo, akitafuta mzaha katika maneno hayo. Hakuuona. Mkewe hakuwa mtu wa vitisho. Alikuwa muuguzi, na akisema sindano inakuja, inakuja. Na Mfadhili alimpenda mkewe. Hilo ndilo jambo pekee maishani ambalo hakuwahi kulihutubia.

Asubuhi bafu likaanza kuongea.

Kwanza lilikoroma, taratibu, kama mzee aliyepitiwa na usingizi baada ya chakula cha mchana. Kisha likapiga mbweu. Harufu ikafuata. Mfadhili akatoka nje, akauangalia mfuniko wa zege, akaona umelowa pembezoni. Akakumbuka kwamba gari la kunyonya halikuonekana tangu tozo ilipokufa. Akakumbuka pia kwamba hakuna aliyejitolea kulilipa, na kwamba maji, tofauti na wananchi, hayana hiari, yanashuka tu.

Akavaa koti, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Mwuza Spea alimkaribisha vizuri, akamkalisha kwenye kochi, akasikiliza. Mwishoni akauliza jina lake litakaa wapi. Mfadhili akasema juu ya mfuniko, kwa herufi za dhahabu. Mwuza Spea akatafakari, akasema kwamba yeye ni mtu wa watu, wateja wake hupita pale, hawezi kujulikana kwa jambo lile. Taa anaweza kuongeza. Mama Saluni naye alikuwa tayari kutoa kioo kikubwa cha ukutani, ikiwa shimo litahitaji kioo. Wa nyumba za kati walisema kwao maji yanakwenda vizuri kabisa, hata walimwonyesha: walivuta choo mbele yake, maji yakazunguka, yakatoweka kwa mlio mtamu. Mfadhili alijua yanakoelekea. Alitamani kukimbia nyumbani ayatangulie.

Akajaribu kuwatia haya. Haikufaa kitu. Kila mtu alimwonyesha kwa kidole kibao chake ukutani, na mtu mwenye kibao haoni haya. Amekwisha toa, ushahidi umechongwa kwenye shaba, na fundi aliyeuchonga ni huyuhuyu anayelalamika.

Juu kabisa alimkuta Mwalimu amelalia mkeka kunyoosha mgongo. Mfadhili akamweleza hali ilivyo, na jinsi ambavyo kila mtu ana wajibu.

"Wajibu?" Mwalimu akauliza, macho yakiwa darini. "Nikitoa bila kupenda, si utakuwa umenitoza?"

Mfadhili alirudi chini na koti mkononi.

Mama mkwe alifika siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, teksi ikamshusha mwanzo wa mtaa, kwa sababu mbele kulikuwa na mkokoteni wa bluu na mlima wake. Alikuwa mwembamba, amejifunga leso vizuri, fimbo mkono wa kulia na mkoba mweusi mkono wa kushoto. Binti yake alikuwa zamu ya asubuhi, hivyo Mfadhili alimpokea peke yake, akiinama mpaka tai ikagusa vumbi. Wakashuka mteremko polepole, hatua kwa hatua, na mama akawa anasimama kila penye kibao na kukisoma kwa sauti. Taa hii ni zawadi ya fulani. Benchi hili ni zawadi ya fulani. Taa hii tena ni zawadi ya fulani yule wa kwanza. Walipofika kwenye mlango wa nyumba ya mwisho akasimama, akavuta pumzi kupitia puani, akageuka taratibu kumtazama mkwewe.

"Na hiki kinachonuka ni zawadi ya nani?"

Mfadhili akasema karibu ndani, mama.

Ndani alikuwa amepulizia manukato chupa nzima, na sasa nyumba ilinukia kama choo kilichoalikwa harusini. Mama akaketi. Akanywa maji. Akauliza habari za wajukuu. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa heshima, na Mfadhili akaanza kuamini kwamba mambo yataishia salama, mpaka mama aliposhika fimbo yake, akainuka, akauliza upande wa maliwato.

Hebu msomaji afikirie. Huwezi kumkataza mkweo maliwato. Huwezi hata kumweleza kwa nini. Mfadhili alinyoosha kidole tu, akaomba dua zote anazozijua. Mlango ukafungwa. Komeo likalia. Kule juu ya mteremko ilikuwa saa ya mchana, watu wamerudi kula, na mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, ukavuta choo.

Bafu lilikoroma. Likapiga mbweu. Kisha likafunguka moyo.

Mfadhili alisikia fimbo ikianguka. Akausogelea mlango, akaupa mgongo kwa heshima, akazungumza na ukuta wa pili.

"Mama, kuna shida?"

"Kuna maji."

"Maji yamefika wapi, mama?"

"Swali gani hilo la kumwuliza mkweo?"

"Samahani, mama."

"Yamefika kwenye kandambili," sauti ikasema. "Hapana. Kandambili sasa zinaelea. Na mimi na goti hili siwezi kuinuka."

Angeingia vipi? Mkwe kumkuta mama mkwe maliwato! Heri nyumba iteketee. Na asipoingia, goti lililoshonwa juzi litaoga majitaka, mama ataondoka kabla ya jioni, na mkewe nyuma yake. Mfadhili alisimama pale sekunde chache ambazo zilimzeesha. Mara akatoka mbio, tai begani, akavuka barabara, akaingia saluni bila kubisha hodi, akapiga magoti mbele ya vioo.

Akina mama hawakuuliza kibao kitakaa wapi. Mama Saluni aliacha kitana kichwani kwa mteja, akaja na wenzake wawili, mmoja ana rola kichwa kizima, mwingine nusu ya kichwa imesukwa nusu bado. Mama Saluni akausukuma mlango kwa bega. Komeo liling'oka mara moja, maana Mfadhili alikuwa amelifunga kwa skrubu moja ili kuokoa nyingine tatu. Huo ndio ubahili pekee uliowahi kumfaa mtu katika nyumba ile. Kwa kuwa ndani hapakukalika, wakambeba mama juujuu mpaka nje, wakamkalisha kwenye benchi la zawadi katikati ya mtaa, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya taa tatu zilizokuwa zinawaka mchana kweupe kwa sababu hakuna aliyejitolea kuzizima.

Watu wakajaa. Mama akafuta mguu wake kwa utulivu. Bandeji, kwa bahati, ilikuwa kavu.

"Binti yangu anatoka kazini saa ngapi?" akamwuliza mkwewe.

"Bado kidogo, mama."

"Basi nawe una kidogo hicho."

Mfadhili akapiga simu kwa mwenye gari la kunyonya. Mwenye gari akauliza nani analipa. Mfadhili akasema wananchi wako tayari kuchangia kwa moyo. Simu ikakatika, na halikuwa tatizo la mtandao. Akawatazama wananchi. Wananchi wakatazama taa. Mwuza Spea alionekana kusoma kibao chake mwenyewe kana kwamba ni mara ya kwanza anakiona.

Akaingia karakana. Nyuma ya marumaru kulikuwa na kopo, na ndani ya kopo kulikuwa na fedha alizozidunduliza muda mrefu ili anunue mashine ya kuchongea, aachane na patasi. Alilishika lile kopo kwa uchungu wa kweli. Kisha akamfikiria mkewe akiingia getini na begi lake la kazini, akimkuta mama yake ameketi barabarani na mguu juu ya ndoo. Akapiga simu tena. Safari hii alisema, "Nalipa mimi. Zote. Njoo sasa hivi."

Gari likaja, likateremsha bomba lake nene, likanyonya kwa mngurumo uliotikisa vioo. Mtu aliyeita kodi unyonyaji maisha yake yote alisimama pembeni ya shimo akiusikiliza mngurumo ule kama muziki. Wananchi walishangilia. Walimpa mkono mmoja mmoja, wakamwambia kwamba kweli watu wa kujitolea wapo, Mungu amzidishie. Halafu wakarudi majumbani, na punde zikasikika sauti za vyoo vikivutwa kwa furaha mtaa mzima.

Mkewe aliwasili gari likiwa linaondoka. Alimwona mama, akaiona ndoo, akawaona wanawake watatu na vichwa vyao. Alikwenda moja kwa moja akapiga goti, akalikagua goti la mama, akasimama.

"Mama, tuondoke."

Mfadhili alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakikutoka kitu. Machozi yalimlenga na hakuyaficha.

"Siendi," mama akasema. "Daktari amesema nisitembee ovyo. Na huyu mumeo amelipa. Kwa kuchelewa, lakini nimezoea wa kuchelewa." Akafungua mkoba wake mweusi, akatoa miwani. "Niitieni watu wa mtaa huu, wote."

Wakaja. Hakuhutubia. Aliwaambia tu kwamba dereva wa lile gari amesema wamenyonya nusu, nusu nyingine ni safari ya pili, na shimo likijaa tena maji hayataridhika na nyumba ya mwisho. Yatapanda. Yataingia nyumba inayofuata, halafu inayofuata, na njiani hayatasoma vibao. Nyumba inayofuata ilikuwa ya Mwuza Spea. Alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kudai tozo irudishwe, tena aliinyoosha yote miwili. Mwalimu, aliyekuwa ameletwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akasema mgongo wake bado mbovu, anatafutwa mtu mwingine wa kukusanya. Watu wote wakaangalia mkoba mweusi.

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliingia karakana kama mteja. Alikuwa anataka kibao. Mfadhili akasema mama huna haja ya kulipa. Mama akalipa, bei kamili, akabainisha kwamba anatoa kwa moyo wake bila kulazimishwa na mtu, kama ulivyo utaratibu wa mtaa. Kuhusu jiwe, asihangaike: lipo lile jeupe lililonunuliwa kwa mshahara wa binti yake. Aligeuze, atumie upande wa nyuma.

Mfadhili akalichonga. Herufi zilinyooka, maana ufundi ni ufundi. Mwuza Spea na Mama Saluni walisaidiana kulijengea juu ya mfuniko wa zege, kazi ya kwanza waliyoifanya pamoja bila kushindana: SHIMO HILI LILINYONYWA KWA HISANI YA MFADHILI. Siku hizi dereva wa gari akipotea njia, mtu yeyote humwelekeza. Nenda mpaka chini, utamwona Mfadhili, ukifika pale usivute sigara.

Mlinzi alirudi na kofia zake mbili. Mkokoteni ukasukumwa. Taa zikapunguzwa na majogoo wakarudi kwenye ratiba. Mkewe akabaki, na nguo zake kabatini, na mezani aliacha kumwongezea mumewe chakula, kwa sababu hotuba hazikuwepo tena.

Siku ya kwanza ya mwezi, Mfadhili akiwa bado anafunga vifungo vya shati, mlango wa chumba chake ukagongwa kutoka koridoni.

"Hodi."

"Karibu, mama."

"Sijaja kama mama. Nimekuja kama ofisi." Alikuwa amesimama wima, bila fimbo, kitabu cha risiti mkononi na mkoba kwapani. "Nimeanzia nyumba ya mwisho. Tozo."

Mfadhili akaliangalia lile goti. Halikupinda, halikuvimba, lilisimama imara kama nguzo ya taa.

"Naona goti limepona kabisa, mama," akasema kwa upole, na tumaini dogo likamchungulia usoni. "Alhamdulillahi. Nafikiri sasa utatamani kurudi nyumbani kwako."

Mama mkwe akalamba kidole, akafunua ukurasa mpya wa risiti.

"Nilipewa ruhusa ya kuondoka tangu juzi," akasema. "Nimebaki kwa hiari."